Riwaya ninazowapa vijana wa sekondari hapa Amu

Shule zikifunguliwa, wazazi huja dukani kwangu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu (sisi wenyewe twauita Amu), na karatasi ya mahitaji mkononi: madaftari, kalamu, seti ya jiometri, kamusi, kitabu teule cha fasihi. Wakishamaliza huuliza lile ambalo halimo kwenye karatasi: "Na mwongozo wake unao?" Ninao, na nauza, kwani asiyeupata kwangu ataupata kwa jirani. Lakini roho huniuma. Kijana hununuliwa mwongozo, akahifadhi maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha, na riwaya yenyewe ikabaki mpya kama ilivyotoka kwenye boksi. Nilimuuliza mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne habari za Mangwasha wa Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi inayotahiniwa siku hizi. Akanijibu pasi na kuvuta pumzi: jasiri, mwenye bidii, mwenye utu, mzalendo. Nikamwambia, "Haya, mwanangu, alifanya nini hata ukamwona jasiri?" Akatazama chini.

Simlaumu. Hajapata kukaa na riwaya ikamshika hata akasahau kuitwa kula. Na mtu ambaye hajashikwa hivyo hata mara moja, kila kitabu kwake ni kazi ya shule. Ndiyo maana nawaomba wazazi na walimu wenzangu wa zamani (nilisomesha kabla ya kufungua duka): kabla ya mwongozo, mpeni mtoto riwaya moja ambayo atataka kujua yaliyo mbele, aimalize, hata kama haimo kwenye mtihani. Hizi ninazozitaja nimezisoma zote, na nimewaona vijana wanaozichukua wakirudi kuuliza nyingine.

Kwa asiyependa kusoma, na wengi wao ni wavulana, mkono wangu huenda moja kwa moja kwenye Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla. Mwandishi ni Mzanzibari. Muswada wake ulishinda katika shindano la East African Literature Bureau, na kitabu kikachapishwa 1960. Ni kitabu cha zamani, ndiyo, lakini kinaanza na maiti ya tajiri iliyokutwa mahali ambapo watu huogopa hata kupita, na hapo hapo msomaji ana kazi ya kufanya. Mpelelezi, Bwana Msa, hana bastola wala gari. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana masikio. Huketi na watu, akawaacha waseme, akavuta moshi, na baadaye ndipo unapogundua kwamba neno dogo alilolipokea kimya kurasa nyingi nyuma ndilo lililomfungulia mlango.

Nakala moja ya kitabu hiki niliwahi kuwaazima wavulana waliokuwa wakingoja fotokopi. Wakakaa kwenye daka la nyumba iliyo mkabala na duka, mmoja akisoma kwa sauti na wenzake wamemzunguka. Walipofika kati, mmoja akasema, "Mimi nishamjua," na akataka kutaja jina. Waliobaki wakamrukia wote, "Nyamaza! Usiseme!" Msomaji akaweka kidole kwenye mstari asipotee na kelele zikaendelea, huyu akimtetea mshukiwa huyu na yule akimtetea yule, kila mmoja akitoa ushahidi: alisema hivi, alikuwa pale, kwa nini aliulizwa lile akajibu hili. Nimekaa darasani miaka mingi nikitaka wanafunzi wafanye hivyo hivyo, wamtaje mhusika kwa matendo yake, na sikuwahi kuusikia mjadala wa namna ile. Fotokopi zao zilipokuwa tayari hawakuinuka.

Kasoro yake ni kwamba Kiswahili chake ni cha Unguja ya miaka hiyo, kina maneno ambayo hata mimi hufungua kamusi, na namna watumishi wanavyozungumziwa humo ni ya zama zake. Hilo mzazi alizungumze na mtoto. Akimaliza, kuna Kisima cha Giningi ya 1968, na Bwana Msa huyo huyo. Hapo huna haja ya kumsukuma tena.

Kitabu cha pili mkononi mwangu ni Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Wazazi wengi wa leo waliisoma wenyewe shuleni ilipokuwa ikitahiniwa, na wakiiona kwenye rafu hutabasamu. Kongowea Mswahili anasimulia mwenyewe: mama yake mwimbaji taarabu wa Tanga, baba asiyemjua, kisha mama anafariki na mtoto anabaki kwenye nyumba ambayo hakutakiwa. Baadaye anashika njia kuvuka mpaka kumtafuta baba yake Kenya, mpaka huko Kitale. Kijana wa pwani anaingia kwenye riwaya hii bila kubisha hodi. Taarabu anaijua, maneno ya watu kuhusu mwanamke mwimbaji anayajua, na mtoto anayelelewa na jamaa akala kwa masimango anamjua kwa jina.

Nitasema pia lisilonipendeza. Kongowea ni mwema kupita kiasi, na bahati humkuta njiani pale pale anapoihitaji. Mwanafunzi makini ataliona hilo na aliseme, asiogope kwa kuwa mwandishi ni maarufu. Lakini lugha yake! Methali na misemo imekaa mahali pake, na sentensi zinatembea. Walibora alizaliwa magharibi mwa Kenya, mbali na bahari, na Kiswahili alijifunza akakipenda hadi akawashinda wengi waliozaliwa nacho. Hapa Amu tunao watoto wanaodhani kwa kuwa wamezaliwa na lugha hawana haja ya kuisoma, matokeo yakaja na alama ya C, na nyumba nzima ikashangaa. Mimi huwapa Siku Njema watoto hao hasa. Walibora alifariki 2020 na ametuachia pia Kidagaa Kimemwozea ya 2012, nayo ilitahiniwa. Ile ya Mtemi Nasaba Bora na mwalimu aliyeuiba muswada wa kijana siipendi kama ninavyoipenda Siku Njema, maana mambo ni mengi mno ndani ya kitabu kimoja, ila kisa cha muswada ulioibwa huwakasirisha vijana kweli kweli, na hasira hiyo ni nzuri.

Sasa niseme juu ya wasichana, kwa sababu ndio wasomaji wangu wakubwa na ndio wanaonyimwa vitabu zaidi. Mama huja akaniambia, "Mpe kitabu cha adabu." Nami humpa Nyota ya Rehema, ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976. Rehema ni binti wa Fuad, tajiri mwenye mashamba, lakini ndani ya nyumba ya baba yake hana nafasi, na rangi yake ni sehemu ya kisa hicho. Anatoka akiwa mdogo, hajui anakokwenda, na dunia inampokea kwa mikono ya kila aina. Baadaye anakutana na Sulubu, mkulima, mtu wa jembe na maneno machache. Mapenzi yao yameandikwa kwa utulivu ambao sijauona katika riwaya nyingi: watu wawili wanafanya kazi shambani, wanajenga, wanapanda, na msomaji anatambua kwamba wanapendana kabla wao hawajasema.

Halafu inakuja habari ya ardhi. Nani mwenye shamba, aliyelilima au mwenye karatasi? Ndipo wasichana wanapokuja dukani na maswali, kwa sababu kwetu mazungumzo ya mashamba na hati hayaishi, wanayasikia usiku babu zao wakizungumza barazani. Msichana mmoja alikuja na kitabu kimekunjwa pembe ya ukurasa (nilimgombeza kwa hilo) akanisomea kipande cha mzozo wa shamba, akasema, "Bi, hii ni sisi." Nikamwambia ni kisa cha Zanzibar, kiliandikwa kabla mamako hajazaliwa. Hakutaka kuamini mpaka alipoutazama mwaka kwenye ukurasa wa mwanzo.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980, naitoa kwa kidato cha tatu kwenda juu, na huwaambia akina mama waisome wao kwanza. Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima mbele za watu, na nyumbani kwake binti yake Maimuna amefungiwa asione jua. Maimuna anatoka, na huko nje hakuna aliyemfundisha kumjua mwema na mbaya, akaangukia kwenye ulevi na mikono ya wanaomtumia. Kuna mama alinirudishia kitabu hiki akiwa amekasirika, akasema kinafundisha ufuska. Nikamsihi akimalize. Kilichomwangusha Maimuna ni kile kufungiwa kwake na unafiki wa baba yake, na mwandishi hamhukumu binti hata pale anapomwonyesha amechafuka kabisa. Msichana wa miaka kumi na saba anayesoma haya akiwa kwao, na mama yake pembeni ambaye naye ameyasoma, ana la kumuuliza mamake. Yule mama alirudi. Hatukukubaliana kwa yote, lakini tulikaa tukazungumza habari za Bi Tamima, mama yake Maimuna, mpaka adhana ya alasiri, na kitabu akaenda nacho tena.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971, ni ndugu wa Utengano kwa njia fulani: huko ni Ukerewe, na baba mkali ni Zakaria, mlevi. Iliwahi kupigwa marufuku Tanzania. Ni nzito zaidi na mwisho wake unaumiza. Naiweka kwa wakubwa wa kidato cha nne, na simpi msichana ambaye najua nyumbani kwao kuna matatizo, isipokuwa nikijua ana mtu wa kuzungumza naye.

Za Adam Shafi nitapita haraka kwa sababu zinajiuza zenyewe. Kuli ya 1979 ni fupi, ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, na hupenda kuwapa vijana wanaobeba mizigo gatini wakati wa likizo. Vuta N'kuvute ya 1999, ya Yasmin aliyeozwa mzee na Denge anayepigania uhuru, watu wengi wanaiuliza tangu filamu yake ilipotoka 2021. Isomwe kwanza kitabu. Ina mapenzi ya watu wazima humo, mzazi ajue.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilitahiniwa miaka ya karibuni, na nakala zake za mkono wa pili zinapatikana kwa urahisi. Ridhaa anapoteza jamaa zake kwa moto wa vurugu za baada ya uchaguzi. Umu na ndugu zake wanatawanyika. Imejaa misiba, na kuna mahali nilitaka mwandishi aniache nipumue. Lakini kaunti yetu ina watoto waliowahi kuhama nyumba usiku, na nimemwona mmoja wao akiisoma sura ya mwanzo akiwa amesimama, begi bado mgongoni. Kwa huyo sikuuliza kama ameipenda.

Naja kwenye mbili ambazo nataka zisomwe hapa kuliko mahali pengine popote.

Ya kwanza ni Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri ikachapishwa 2022. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapochukuliwa kutoka kwao na tajiri mfanyabiashara, Aziz, ambaye amezoea kumwita ami. Anapelekwa pwani kwenye duka la Aziz, na huko anamkuta Khalil, kijana aliyemtangulia. Khalil ndiye anayemfumbua macho: huyo si ami yako. Baba yake Yusuf ana deni, na mtoto ndiye rehani. Riwaya yote inabebwa na jambo hilo, mtoto mzuri wa sura, mpole, ambaye kila mtu mkubwa anamtumia kwa shughuli yake, na msafara wa biashara unaingia bara, na Wajerumani wanakaribia. Kitabu kina bustani yenye ukuta, ina maji na miti, na Yusuf anaipenda kuliko chochote. Someni jinsi anavyoingia humo mara ya kwanza. Anasogea kidogo kidogo, anajua hana ruhusa, na mwandishi hamharakishi. Mimi niliyafunga macho hapo nikaziona nyua zetu za mtaa wa Mkomani, zilizojificha nyuma ya kuta za matumbawe.

Peponi inataka subira. Kijana aliyeanza na Bwana Msa ataiona inakwenda polepole. Kwa hiyo nampa baada ya riwaya mbili tatu, na humwambia asome kurasa za duka la Aziz kwanza kwa ajili ya Khalil tu, kwa sababu mdomo wa Khalil unachekesha. Kiswahili cha tafsiri kimekaa vizuri masikioni mwa mtu wa pwani. Kuna mahali sentensi ni ndefu na unahisi ilikotoka, lakini watu wakizungumza, wanazungumza kama watu.

Ya pili ni The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyotoka 2019, nami ninayo kwa Kiingereza. Kisa kinaanzia Pate. Pate hii hii yetu, mwendo wa boti kutoka hapa! Ayaana ni mtoto asiye na baba, anaishi na mama yake Munira ambaye mji umemtenga, na anamchagua mwenyewe wa kumwita baba: Muhidin, baharia aliyerudi kisiwani baada ya miaka mingi ya bahari na vitabu. Sijapata kusoma kurasa zinazomheshimu mtoto kama zile ambazo Muhidin anakataa kuwa baba, anakataa tena, na kidogo kidogo anaanza kumsomesha. Baadaye Ayaana anapelekwa China, kwa ajili ya yale masimulizi tunayoyajua sote, ya mabaharia wa Kichina wa zama za amiri wao Zheng He, karne ya 15, ambao jahazi lao lilivunjika karibu na Shanga wakaoa na kubaki. Wachina wanamtaka awe alama ya udugu wa kale. Yeye anataka kujua yeye ni nani.

Ni kitabu kikubwa, zaidi ya kurasa mia tano, na kina mateso na mambo ya wakubwa, kwa hiyo ni cha mwaka wa mwisho, au cha miezi ile ya kungoja matokeo ambapo kijana hana shughuli. Kiingereza chake si chepesi. Lakini msichana wa Siyu au Faza, huko huko Pate, ambaye amesoma maisha yake yote kuhusu London na Nairobi, akafungua riwaya akakuta mikoko, kaskazi, kusi na Kiswahili cha kwao ndani ya Kiingereza, huwa anakaa wima. Ninachosikitikia ni kwamba nyanya yake hawezi kukisoma. Natamani kwa moyo wote kisomwe kwa Kiswahili kwenye baraza za Pate, na wazee waseme ni wapi mwandishi amepatia na wapi amekosea.

Maneno machache juu ya vitabu vyenyewe, maana mimi ni muuza duka. Mizigo yetu inafika Mokowe kwa basi na inavuka kwa boti, na mawimbi hayajui riwaya. Nakala ikiwa na mawimbi pembeni mwa kurasa, ujue imeonja maji. Inasomeka, ila muuzaji apunguze bei. Jihadharini na nakala za kughushi, hasa za vitabu teule: wino umefifia, jalada jepesi, na mara nyingi kurasa zimerukwa. Hesabuni kurasa kabla ya kulipa. Fungueni katikati, mkunje taratibu. Gundi ikilia, kitabu hicho hakitamaliza muhula. Na msivipange vitabu kwenye zidaka za kuta za zamani. Zinapendeza, najua, lakini ukuta wa chokaa na matumbawe hutoa unyevu na mchwa hufuata. Kabati la mbao lililoachana na ukuta kidogo linatosha.

Ukiniuliza mtoto wa kidato cha kwanza, au wa gredi ya kumi kama wanavyoitwa sasa, aanze na gani, nitakuuliza kwanza anapenda kusikiliza nini. Anayependa vitendawili na kesi: Mzimu wa Watu wa Kale. Anayependa nyimbo na safari: Siku Njema. Aliye mpole, anayekaa na watu wazima akasikiliza: Nyota ya Rehema. Peponi inabidi niagize Mombasa, kwa hiyo anayeitaka aje mapema. The Dragonfly Sea haiuzwi, nakala ni yangu na ninaiazima. Andikeni jina kwenye daftari lililo karibu na mashine ya fotokopi. Kwa sasa anayo binti wa Siyu, na baada yake kuna wawili wanaongoja.